Bilauri, Birika na Tangawizi: Kujifunza Rangi ya Mafuta Chini ya Milima ya Upare

Picha ya vitu vilivyotulia, yaani picha ya vyombo, matunda, vyakula au zana za nyumbani zilizopangwa mahali pamoja bila kuwapo mtu wala mnyama aliye hai, iliwekwa na chuo cha sanaa cha kifalme cha Paris, katika karne ya 17, kwenye daraja la chini kabisa la uchoraji, nyuma ya picha za historia na dini, nyuma ya picha za sura za watu, nyuma hata ya picha za mandhari. Hukumu hiyo haikuwa ya haki, lakini ina faida moja kwa anayeanza kujifunza, kwani kitu kilichodharauliwa hakimtishi mtu. Birika halidai ujira wa kukaa, haligeuzi shingo wala halinung'uniki likichorwa vibaya, na mwanafunzi aliye peke yake, asiye na chuo wala mwalimu, anaweza kulirudia kadiri apendavyo mpaka aelewe ni kwa nini upande wake mmoja unang'aa na upande mwingine unazama gizani.

Sura hii inaeleza namna ya kujifunza rangi ya mafuta kwa kuiunda upya picha moja ya aina hiyo, iliyo ndogo na yenye vitu vichache, na inaeleza hayo kwa kufuata hali ya mji wa Same na Milima ya Upare, mkoani Kilimanjaro. Waandishi wengi wa vitabu vya uchoraji huandika kana kwamba jua la wanafunzi wote ni lile la London au Paris, kwamba madirisha yote yanatazama mbingu zilezile na kwamba duka la vifaa vya wachoraji halikosekani mtaa wa pili. Mashauri yao, yakifuatwa Same bila kupimwa, mengine hufaa, mengine hupotosha, na mengine hugeuka kabisa yakawa kinyume chake.

Kuiga na kuunda upya

Kabla ya brashi kuguswa kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa, kwa kuwa limetolewa na watu wenye uzito katika sanaa ya Afrika Mashariki, na wawili kati yao walizaliwa Kilimanjaro, kaskazini tu ya Upare. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937, hakupendelea kuwawekea wanafunzi wake chungu mezani na kuwaagiza wakitazame; aliwasimulia kisa au tukio la maisha, akawaacha waliumbe akilini, kisha wakalichora kama walivyoliona huko ndani. Hofu yake ilikuwa kwamba kijana wa Kiafrika akifundishwa kanuni za Ulaya za kivuli na umbali angezipokea kama sheria, na jicho lake mwenyewe lingekufa kabla halijafumbuka. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyesoma baadaye katika shule ya Slade mjini London na kuwa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza baada ya uhuru, alibaki mwaminifu kwa njia hiyo: picha yake ya mafuta ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ambayo Museum of Modern Art ya New York iliinunua mwaka 1960, haikutokana na kukaa mbele ya kitu na kukipima, bali na kumbukumbu ya maisha ya nyumbani.

Trowell alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, naye akaleta mtaala wa aina nyingine, wenye kuchora kwa kutazama, nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, aliyepitia Makerere kabla ya badiliko hilo na ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, alikuwa mkali kuliko wote kuhusu jambo hili, na fundisho lake linalojulikana zaidi ni kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Mtu anayesoma sura yenye kumtaka aiunde upya picha ya Mfaransa wa karne ya 18 ana haki ya kuuliza kama Njau hakuwa amekwisha kulijibu ombi hilo.

Jibu linategemea kinachorudiwa. Anayeweka mbele yake picha iliyokamilika, au nakala yake iliyochapishwa, kisha akahamisha kila doa la rangi kutoka kule kuja huku, anapokea majibu ya maswali ambayo hakuyauliza: mchoraji wa kwanza ndiye aliyeamua kivuli kiwe na weusi kiasi gani, ukingo upi ufifie na upi ukate, na mwigaji anabaki kuwa karani. Kuiunda upya picha ni kazi nyingine kabisa, kwa maana mwanafunzi huchukua kutoka kwa mtangulizi mpango tu, yaani vitu vingapi, vimekaaje, mwanga unatoka wapi, kisha huutafutia vitu vya kwake, huvipanga juu ya meza yake chini ya mwanga wake, na huchora anachokiona pale mezani, si kilichoko kitabuni. Picha ya kale hubaki pembeni kama jirani mwenye ujuzi anayeweza kuulizwa mambo. Kwa maoni ya sura hii Trowell alikuwa na haki kuikataa njia ya kwanza na alikosea kuiacha ya pili, kwani macho yasiyozoezwa kutazama kitu kilicho mbele yake hayana akiba ya kutosha ya kuumbia yale ya akilini, na uhodari wa Ntiro hauthibitishi kwamba kila mwanafunzi angeweza kuvuka bila daraja.

Picha iliyochaguliwa ni ya Jean-Siméon Chardin, aliyeishi Paris kati ya 1699 na 1779 na aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora vyombo vya jikoni. Imehifadhiwa katika Carnegie Museum of Art mjini Pittsburgh, Marekani, ilichorwa kiasi cha mwaka 1761, na ukubwa wake ni takriban sentimita 32 kwa 41, kwa hiyo haizidi sana ukubwa wa kurasa mbili za daftari kubwa zilizofunguliwa. Ndani yake mna bilauri ya maji, birika la kahawa la rangi ya giza, vitunguu saumu na tawi dogo la majani, vyote juu ya ukingo wa jiwe, na nyuma yake ukuta mtupu wa kahawia na kijivu. Hakuna zaidi. Uzuri wa mpango huo uko katika upinzani wa vyombo viwili: bilauri ni pana juu na nyembamba chini, birika ni pana chini na jembamba juu; bilauri hupitisha mwanga, birika huuzuia; moja ni nyeupe karibu kutoonekana, jingine ni jeusi kiasi cha kuonekana kama tundu ukutani.

Vitu hivyo vyote vina ndugu zao Upare. Birika la chai lililoshika masizi ya kuni lipo katika majiko mengi, na lenye umbo la kupanuka chini lichaguliwe badala ya lile la mviringo, kwa sababu bila umbo hilo ule upinzani wa vyombo viwili hupotea. Chungu cha kupikia makande, ambacho moyo wa mchoraji wa Kipare huenda ukakitamani kwanza, kisubiri zamu yake. Bilauri ni bilauri. Mahali pa vitunguu saumu panachukuliwa na vipande vya tangawizi, zao ambalo Mamba Miamba, katika milima ya wilaya ya Same, imejulikana nalo nchini, na mahali pa tawi la majani panachukuliwa na ndizi mbichi mbili ambazo ncha zake zimetokeza kidogo nje ya ukingo wa meza. Uchaguzi huu una sababu ya kiufundi. Ndizi mbichi ina pande, na kila upande hupokea mwanga kwa kiasi chake, hivyo mwanafunzi huona mwanga ukiruka kutoka daraja moja hadi jingine. Birika hulainisha mruko huo ukawa mteremko usio na ngazi. Tangawizi, pamoja na vifundo vyake, huvunja mwanga vipande vidogo visivyofuata utaratibu. Anayeviweza vitatu hivyo ameshakutana na sehemu kubwa ya maumbo yatakayomsumbua baadaye.

Rangi na mahali pa kuipaka

Rangi yoyote ina sehemu mbili, unga wa rangi, ambao ndio wenye wekundu au umanjano wenyewe, na kiungo, yaani kimiminika kinachouzunguka unga huo na kuugandisha juu ya kitu. Katika rangi ya mafuta ya wachoraji kiungo ni mafuta ya mbegu za kitani, mmea uleule ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Makopo yanayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya milango na madirisha, ambayo nayo huitwa rangi ya mafuta, ni jamaa wa karibu lakini si kitu kilekile, kwani kiungo chake ni utomvu wa viwandani uitwao alkidi, unaokauka juu kwa saa chache na kuacha uso unaong'aa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za jamii hiyo juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na zilimfaa sana kwa mistari yake iliyo wazi na maeneo yake mapana ya rangi moja. Hazimfai anayetaka kuurudia ukingo wa birika kesho yake na kuulainisha ungali mbichi.

Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Maji huondoka kwenda hewani. Mafuta haya hubaki palepale, huivuta oksijeni ya hewa, na chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe mpaka kimiminika kigeuke ngozi ngumu, ndiyo maana picha mpya ya mafuta huongezeka uzito kidogo badala ya kuupoteza. Uwezo huo hutofautiana kutoka mafuta hadi mafuta, na wanakemia huupima kwa kiasi cha iodini ambacho gramu 100 za mafuta zinaweza kukipokea: kitani hufikia gramu 170 hadi 200, alizeti ya kawaida kiasi cha 120 hadi 140, na nazi 7 hadi 10 tu. Kwa sababu hiyo anayechanganya unga wa rangi na mafuta ya nazi ili aokoe fedha atakuwa na picha inayopaka mikono maisha yake yote, na anayetumia alizeti ya kupikia atangoja sana bila uhakika wa mwisho wake. Katika kitani hakuna njia ya mkato.

Katika unga wa rangi, kinyume chake, Upare ni tajiri. Wekundu wa udongo wa miteremko ya milima hii unatokana na chuma kilichoungana na oksijeni, na hicho ndicho kinachoupa rangi udongo mwekundu uliotumiwa na wachoraji wa mapangoni, wa makanisa ya Italia na wa Chardin pia. Wahunzi wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, waliojulikana kwa chuma chao tangu kabla ya ukoloni, waliyeyusha mchanga mweusi wa chuma uliokusanywa mitoni, na mchanga wa aina hiyo, kikemia, ni kitu kilekile ambacho viwanda vya leo hukitengeneza na kukiuza kama rangi nyeusi. Lakini udongo hauingii moja kwa moja kwenye mafuta. Huvurugwa ndani ya ndoo ya maji, mchanga na changarawe huachwa vizame, maji ya juu yenye rangi humiminwa katika chombo cha pili kabla hayajatulia, na tope laini linalobaki humo baada ya siku moja au mbili ndilo hukaushwa na kusagwa. Udongo wa manjano ukikaangwa juu ya kikaango kikavu hugeuka mwekundu, kwa kuwa joto hufukuza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, na mwanafunzi anaweza kuyapata madaraja kadhaa ya rangi, kutoka haradali hadi kutu, kutoka shimo moja. Unga huo husagwa pamoja na mafuta juu ya kioo kinene, mafuta yakiongezwa kwa matone mpaka patokee uji mzito unaosimama wenyewe.

Rangi sita zinatosha kwa picha hii: nyeupe ya titani, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia nzito na nyeusi, pamoja na buluu moja kwa ajili ya ndizi. Nyeupe na buluu itabidi zinunuliwe, katika vile vijibomba vya bati ambavyo Mmarekani John Goffe Rand alivibuni mwaka 1841 na ambavyo viliwawezesha wachoraji kutoka nje ya vyumba vyao. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe nyingi huonekana ya buluu kando ya rangi za udongo, jambo ambalo Msweden Anders Zorn alilitumia karibu maisha yake yote, na nyeusi hiyohiyo ikichanganywa na manjano ya udongo hutoa kijani kilichopoa, kinachofaa kabisa upande wa kivuli wa ndizi mbichi.

Kuhusu mahali pa kupaka, mafuta ya kitani yakigusa nguo tupu huila nyuzi zake polepole mpaka zimeguke, hivyo nguo lazima ikingwe. Kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kile ambacho pwani na bara kimeitwa marekani tangu karne ya 19, kikivutwa juu ya fremu ya mbao, kikapakwa gundi nyembamba na kisha tabaka mbili za rangi nyeupe ya maji ya akriliki, hutosha kwa mazoezi; hadibodi iliyosuguliwa kwa msasa na kupakwa vivyo hivyo ni rahisi zaidi, na haitikisiki. Paul Gauguin na Vincent van Gogh walipokuwa pamoja Arles mwaka 1888 walichora juu ya nguo ya magunia, kwa hiyo aliyebaki na gunia hana sababu ya kuona haya, ila ajue kwamba gunia hunywa rangi.

Mwanga wa Same

Vitabu vya Ulaya humwagiza mchoraji atafute chumba chenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua hukaa upande wa kusini wa mbingu mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa anga tu, usiohama wala kuwaka. Same iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wa mji kiasi cha tarehe 10 Machi na tena kiasi cha tarehe 3 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba liko upande wa kaskazini, na kati ya Oktoba na Machi liko upande wa kusini. Kwa hiyo hakuna dirisha moja lililo salama mwaka mzima: mchoraji wa Same anayetaka mwanga uliotulia atumie dirisha la kusini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, na la kaskazini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, au atundike kitambaa cheupe dirishani na kuridhika na mwanga hafifu zaidi.

Milima yenyewe nayo ina neno lake. Makanya na Hedaru ziko upande wa magharibi wa Upare ya Kusini, ambako jua hulazimika kupanda juu ya milima kabla ya kufika, hivyo asubuhi huko hutoa muda mrefu wa mwanga laini wa anga usio na miale. Gonja, Ndungu na Kihurio ziko upande wa mashariki, na huupata muda kama huo jioni, jua linapozama nyuma ya milima ilhali anga bado lina mwanga. Huko juu, kuelekea msitu wa Chome na kilele cha Shengena, ambacho kina zaidi ya mita 2,400, ukungu na mawingu huweza kumpa mchoraji siku nzima ya mwanga usiobadilika, hasa wakati wa kipupwe, lakini unyevu huohuo huchelewesha kukauka kwa rangi. Tambarare kavu ya Same hukausha upesi na huleta vumbi. Kila mahali pana bei yake.

Popote palipochaguliwa, vitu viangaziwe kutoka upande mmoja, kushoto kama kwa Chardin, na mchoraji asifanye kazi zaidi ya saa mbili hivi kwa kikao, kwani karibu na Ikweta jua hupanda kwa kasi na vivuli vya saa tatu asubuhi si vya saa tano. Ni heri kurudi kesho saa ileile.

Kuchora

Mstari wa kwanza huwekwa kwa kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, kimiminika kinachotokana na utomvu wa misonobari na ambacho, tofauti na mafuta, huondoka hewani na kuiacha rangi ikiwa nyembamba kama maji ya chai. Ukubwa wa vitu hupimwa kwa mpini wa brashi ulioshikwa mkono ukiwa umenyooshwa na jicho moja limefumbwa, upana wa birika ukilinganishwa na kimo chake, na kimo chake na kimo cha bilauri. Mdomo wa bilauri, ambao ni duara, kwa anayeutazama kutoka juu kidogo huonekana kama duara lililobanwa, na kosa la karibu kila anayeanza ni kulichonga ncha mbili kali upande wa kulia na wa kushoto. Duara lililobanwa halina ncha popote. Tena, kadiri duara lilivyo chini zaidi ya usawa wa jicho ndivyo linavyoonekana wazi zaidi, kwa hiyo mviringo wa kitako cha bilauri lazima uwe mpana kuliko ule wa mdomo ukilinganisha urefu na upana wake, ingawa mkono hupenda kuuchora ukiwa mstari ulionyooka kwa sababu akili inajua kwamba meza ni bapa.

Baada ya mistari huja giza na mwanga, bila rangi nyingine yoyote zaidi ya kahawia hiyohiyo. Macho yakifumbwa nusu, vitu vidogo hupotea na yanabaki madoa makubwa matatu au manne: ukuta, meza, birika, na kivuli chake. Birika na kivuli chake mara nyingi huungana kuwa doa moja, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila kitu kina mpaka wake huona vigumu kuuacha mpaka huo upotee, ilhali kuuacha kunampa birika uzito kuliko mstari wowote mweusi atakaouchora.

Birika jeusi si jeusi. Upande wa dirisha lina kijivu cha anga. Katikati, pale masizi yalipo mazito, lina kahawia nzito yenye wekundu kidogo. Na upande wa mbali na dirisha, karibu na ukingo, lina mstari hafifu wa mwanga ulioruka kutoka mezani na kurudi juu yake, ambao lazima uwe na giza kuliko sehemu yoyote ya upande wa mwanga, hata kama jicho, kwa kushangazwa nao, linaapa kwamba unang'aa. Nyeusi tupu kutoka kwenye kijibomba itumike mahali pamoja tu, chini kabisa, birika linapogusa meza.

Bilauri hufuata sheria iliyo kinyume, na hapa ndipo picha ya Chardin inapostahili kuulizwa. Mwanga unaotoka kushoto unapopiga birika huliangaza upande wa kushoto. Unapopiga bilauri yenye maji hupenya, hukusanywa na ule mviringo wa maji, na hutokeza upande wa kulia, kwa hiyo upande wa bilauri ulio mbali na dirisha ndio unaong'aa zaidi, isipokuwa kile kidoa kidogo cha dirisha lenyewe kinachoakisiwa juu ya kioo upande wa kushoto. Zaidi ya hayo, maji ndani ya chombo cha mviringo hukigeuza kilichoko nyuma yake, cha kulia kikaonekana kushoto, na ndizi iliyopita nyuma ya bilauri huonekana imekatika na kuhamia mahali pengine. Maji hayachorwi, basi. Kinachochorwa ni ukuta, meza na ndizi kama vilivyopindishwa na maji, na anayechovya brashi katika nyeupe na buluu kwa sababu ametaka kuchora maji ataishia na bilauri ya maziwa. Na ndani ya kivuli cha bilauri juu ya meza kuna doa la mwanga, kwa kuwa kivuli cha kitu kinachopitisha mwanga hakiwezi kuwa giza tupu.

Rangi huanza na ndizi, kwa sababu isiyo ya kisanaa: katika joto la tambarare ndizi huiva, na kijani cha Jumatatu huenda kikawa manjano kabla ya Jumapili. Paul Cézanne alichora polepole kiasi kwamba alitumia maua ya karatasi badala ya maua hai. Tangawizi huvumilia zaidi, ingawa sehemu iliyovunjwa, yenye manjano mabichi na nyuzi, husinyaa na kufifia mapema, nayo ndiyo ichorwe kwanza; ganda lake, ambalo kwa mbali ni kahawia tu, kwa karibu lina waridi, kijivu na mikunjo inayozunguka kila kifundo, na mchoraji akamate mikunjo mitatu au minne na kuiacha mingine. Birika na bilauri vitangoja.

Kila tabaka jipya liwe na mafuta mengi kuliko lile la chini yake. Tabaka lenye mafuta machache hukauka upesi na kugandamana, lenye mafuta mengi huendelea kusogea kwa muda mrefu, na likiwekwa la pili chini ya la kwanza, lile la juu litagawanyika nyufa pindi la chini linapojikunja. Kahawia nzito ya asili ina manganizi, madini yanayoharakisha kukauka, nayo inafaa chini. Nyeusi ya mifupa hukauka polepole mno na haifai kuwa msingi wa kitu chochote. Viboko vya mwisho, vile vya nyeupe nzito kwenye mdomo wa bilauri na kwenye bega la birika, viwe vichache kuliko mkono unavyotaka.

Picha iliyokwisha hukauka juu kwa muda wa siku mbili hadi wiki mbili kulingana na rangi na hali ya hewa, na katika siku hizo, hasa Same kunakovuma upepo wenye vumbi, isimamishwe ndani ya boksi lililo wazi upande mmoja na kugeuziwa ukutani. Vanishi, yaani utomvu mwembamba wa kuikinga, kwa kawaida hungoja miezi sita hadi mwaka. Matambaa yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe pamoja, kwa maana kule kuvuta oksijeni kunakoikausha picha hutoa joto, na joto hilo likifungiwa ndani ya rundo huweza kuyawasha bila kiberiti wala jua. Yatandazwe nje moja moja au yazamishwe katika ndoo ya maji. Vitu mezani viachwe vilivyo, isipokuwa ndizi, kwani picha ya pili ya mpango huohuo huchorwa kwa nusu ya muda wa kwanza, na katika ya tatu birika linaweza kuondolewa na chungu cha makande kikaletwa, pamoja na bega lake la mviringo ambalo Chardin hakulichora hapa na ambalo halina jibu lolote la kuazima kutoka katika picha yake.